Elimu na Umbeya: Darasa la Simu Nchini Uganda, 2018–2022

Mwezi Machi 2018 Rais Yoweri Museveni wa Uganda alimwandikia Waziri wake wa Fedha barua kuhusu chanzo kipya cha mapato. Katika barua hiyo alitenga mambo mawili. Intaneti ya elimu na utafiti isitozwe kodi. Lakini *lugambo*, yaani umbeya wa mitandao ya kijamii, ulipiwe. Bunge lilipitisha sheria, na kuanzia tarehe 1 Julai 2018 kila aliyetaka kufungua WhatsApp, Facebook au Twitter alipaswa kulipa shilingi 200 za Uganda kwa siku. Wengi walikimbilia programu za VPN ili kuikwepa kodi hiyo.

Mpaka huo kati ya elimu na umbeya ulikuwa na mantiki yake wakati huo. Teknolojia ya kufundishia ilikuwa na makao rasmi. Mwaka 1997 Benki ya Dunia ilipoanzisha African Virtual University, masomo yalirushwa kwa setilaiti kutoka Washington, na Makerere kilikuwa miongoni mwa vyuo vilivyoyapokea. Baadaye Makerere kikajenga mfumo wake chenyewe wa kusomea mtandaoni, MUELE. Mwanafunzi aliingia humo kwa neno la siri, akajua kwamba yumo darasani. Soga zilikuwa na mahali pake pengine. (Ingawa sisi walimu tunajua kwamba hata darasa la matofali halikosi umbeya wake.)

Machi 2020 mpaka ule ulivunjika. Kwa sababu ya UVIKO-19 shule zilifungwa, na wanafunzi wapatao milioni 15 wakabaki nyumbani. Serikali ilitumia redio, televisheni na masomo yaliyochapishwa magazetini. Kampuni za simu ziliruhusu baadhi ya tovuti za elimu, MUELE ikiwamo, zifunguliwe bila kukata bando.

Lakini shule ya kawaida haikuwa na tovuti. Mwalimu alikuwa na simu, na mzazi mwenye uwezo alikuwa na simu. Kati yao palikuwa na WhatsApp. Mwalimu alipiga picha ukurasa wa kitabu, akarekodi maelezo kwa sauti, akayatuma kwenye kundi. Mtandao ukiwa dhaifu, ujumbe ulisubiri hadi upite, jambo ambalo somo la video la moja kwa moja haliwezi. Kwa macho ya sheria, hata hivyo, kundi hilo lilikuwa mtandao wa kijamii kama mwingine wowote. Mzazi alilipa shilingi 200 za umbeya ili mwanawe apate zoezi la hesabu, kisha akanunua na bando. Asiye na simu hakuwa na la kulipia wala la kusoma.

Ndipo ukaja uchaguzi mkuu wa tarehe 14 Januari 2021. Siku chache kabla yake Facebook ilifuta akaunti zilizohusishwa na serikali. Tarehe 12 serikali nayo ikafunga mitandao ya kijamii, na jioni ya tarehe 13 ikazima intaneti nchi nzima hadi tarehe 18. Waliolengwa hawakuwa wanafunzi. Lakini darasa lililohamia WhatsApp lilizimwa pamoja na kampeni, kwani njia ilikuwa moja. Hapa ndipo ninapoona uzito wa historia hii kiraia: darasa la ubao hufungwa kwa amri inayolitaja, ilhali darasa la simu laweza kufungwa na amri isiyolitaja kabisa.

Julai 2021 kodi ya siku ilifutwa, ikawekwa asilimia 12 juu ya bei ya data. Sheria ilisamehe tena data ya huduma za elimu na afya. Mgawanyo wa mwaka 2018 ulirudi kwa maneno mengine, ingawa muuza bando hawezi kujua kama megabaiti anazouza zitabeba jiografia au soga, na mama anayenunua bando la kawaida dukani hulipa kodi hiyo vyovyote atakavyolitumia.

Shule zilifunguliwa kikamilifu tarehe 10 Januari 2022, baada ya takriban miaka miwili, kipindi kilichohesabiwa kuwa kirefu kuliko cha nchi nyingine yoyote duniani. Siku hiyo Facebook ilikuwa bado imefungwa.