Zeriskepu

Zeriskepu ni mtindo wa kupanga bustani unaopunguza umwagiliaji na kazi ya matunzo, hasa katika maeneo makavu. Ulianzishwa mwaka 1981 na Denver Water, mamlaka ya maji ya jiji la Denver, Marekani.

Misingi yake ni saba: kupanga eneo mapema, kurutubisha udongo, kuchagua mimea inayofaa, kupunguza nyasi, kumwagilia kwa ufanisi, kuweka matandazo na kutunza bustani ipasavyo. Mimea yenye mahitaji sawa ya maji hupandwa pamoja; matandazo huhifadhi unyevu na kuzuia magugu.

Kupunguza nyasi kumeingia hata katika sheria: kusini mwa jimbo la Nevada, Marekani, sheria ya mwaka 2021 inakataza kumwagilia nyasi za pambo kwa maji ya Mto Colorado kuanzia 2027. Nyumba za familia moja hazihusiki.