Swakopmund: mchanga ambao haukuwahi kuwa mtupu

Kifaa chenyewe ni kipande chembamba cha hadibodi kilichopakwa polishi ya sakafu upande wa chini. Mgeni hupanda tuta la mchanga kwa miguu, akipiga hatua mbili na kurudishwa moja, mpaka anafika kileleni akihema. Hapo kiongozi wa msafara hukisugua tena kile kibao, humlaza mgeni kifudifudi na kumpa masharti: shika ncha ya mbele uikunje juu, viwiko visiguse mchanga, vidole vya miguu ndiyo breki, na mdomo uufunge. Kisha humsukuma. Kwenye tuta refu lenye mteremko mkali, mwendo huweza kufikia kilomita 80 kwa saa, na kidevu cha mtu kiko kiganja kimoja tu kutoka mchangani.

Mchezo huu unachezwa nje kidogo ya Swakopmund, mji wa pwani wa Namibia ambako jangwa la Namib linakutana na bahari ya Atlantiki bila kuachiana nafasi. Ukiacha kuteleza kwa ubao, wageni hukodi pikipiki za magurudumu manne na kupanda na kushuka matuta, huruka na parachuti kutoka kwenye ndege ndogo, au hupanda boti Walvis Bay kwenda kuwatazama sili na pomboo. Ni starehe ya kweli, na sioni sababu ya kumlaumu kijana anayetoka Windhoek au Berlin kuifuata. Ninalotaka kulisema ni jingine. Biashara hii imekua juu ya wazo kwamba hapa hapana kitu, ni mchanga tu, nenda utakako. Wazo hilo ni la zamani kuliko pikipiki, na limewahi kugharimu roho za watu.

Tuanze na waliokuwapo. Kusini mwa Swakopmund, kando ya mto Kuiseb ambao kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mkavu, wanaishi Watopnaar, watu wa jamii ya Wanama. Kwa karne nyingi wamekula nara, tunda la jamii ya tikiti linaloota kwenye vichaka vya miiba juu ya vilima vya mchanga, mizizi yake ikifuata maji yaliyo chini kabisa ya ardhi. Nyama ya tunda hupikwa, mbegu hukaushwa na kuwekwa akiba. Walijua visima viko wapi na ukungu unaingia lini. Kwao lile lilikuwa shamba.

Wajerumani walifika mdomoni mwa mto Swakop mwaka 1892. Bandari pekee ya asili katika eneo lile, Walvis Bay, ilikuwa mikononi mwa Waingereza tangu 1878, kwa hiyo Kapteni Curt von François alitafuta mahali pengine pa kuteremshia askari na mizigo. Alipopata hapakuwa na ghuba wala kinga yoyote dhidi ya mawimbi. Meli zilitia nanga mbali, na mizigo ikaletwa ufukweni kwa mashua zilizoendeshwa na Wakru, mabaharia hodari waliochukuliwa kutoka Liberia. Mawimbi yale yaliua watu. Serikali ya kikoloni ikajenga ukuta wa mawe baharini kati ya 1899 na 1903, mchanga ukaujaza. Ikajenga gati la mbao mwaka 1905, kisha ikaanza la chuma mwaka 1912. Mpaka leo mabaki ya kazi hizo ni vivutio vya watalii.

Na chombo cha kwanza chenye injini kujaribu nguvu zake kwenye mchanga huu kililetwa wakati huohuo. Mwaka 1896 ofisa mmoja wa Kijerumani, Edmund Troost, aliagiza trekta la mvuke ili lichukue nafasi ya magari ya maksai, ambao walikuwa wakifa njiani kwa kiu. Lilikuwa zito mno. Lilizama mchangani mara kwa mara, likanywa maji mengi mahali pasipo na maji, na baada ya safari chache likaachwa nje ya mji. Watu waliliita Martin Luther, na bado lipo, limewekwa ndani ya jengo dogo kando ya barabara. Wageni hupiga picha mbele yake wakielekea jangwani.

Januari 1904 Waherero waliinuka dhidi ya uporaji wa ardhi na ng'ombe wao. Berlin ikamtuma Jenerali Lothar von Trotha, mtu ambaye katika miaka ya 1890 alikuwa kamanda wa majeshi ya Ujerumani huku kwetu Afrika Mashariki. Baada ya mapigano ya Waterberg mwezi Agosti, aliwasukuma Waherero, wanaume kwa wanawake na watoto, kwenye nyika kavu ya Omaheke na kuzuia visima. Tarehe 2 Oktoba 1904 alitoa amri kwamba kila Mherero atakayeonekana ndani ya mipaka ya koloni apigwe risasi. Wanama nao waliingia vitani mwaka huo. Wakati wazee wetu wa Kilwa, Matumbi na Songea wanapigana vita vya Majimaji kuanzia 1905, upande wa pili wa bara watu walikuwa tayari wanafungiwa kambini na dola hiyohiyo.

Moja ya kambi hizo ilikuwa Swakopmund. Wafungwa waliletwa kutoka bara, sehemu za joto na malisho, wakatupwa kwenye ufuko ambao mkondo baridi wa Benguela huufanya uwe na ukungu na upepo wa kukata mifupa. Walilala kwenye vibanda vya magunia, wakapewa wali ambao wengi hawakuwahi kuupika, wakapakua meli na kujenga reli. Wanawake walifungwa kwenye magari ya mizigo wakayavuta kama maksai. Hesabu za jeshi la Ujerumani lenyewe zinaonyesha kuwa karibu nusu ya waliofungwa katika kambi za koloni lile walikufa. Waliofia Swakopmund walizikwa ukingoni mwa mji, mchangani, bila jiwe wala jina. Katikati ya mji, mwaka 1908, ikasimamishwa sanamu ya kuwakumbuka askari wa majini wa Ujerumani waliokufa katika vita hivyo.

Kilichofuata ni kifupi. Januari 1915 majeshi ya Afrika Kusini yaliuteka mji, bandari ikahamia Walvis Bay, na Swakopmund ikabaki na majumba ya Kijerumani, gati refu lisilo na meli, na hali ya hewa ya baridi. Hiyo baridi ndiyo iliyouokoa. Kila Desemba, Windhoek na mashamba ya bara yanapochemka, wenye uwezo walishuka pwani kupunga upepo na kuvua samaki. Wenye uwezo hao walikuwa wazungu. Wafanyakazi weusi waliowapikia na kuwafulia walitengewa mtaa wa Mondesa, nyuma ya mji, chini ya sheria za ubaguzi zilizoletwa kutoka Pretoria. Mwaka 1976 mgodi wa urani wa Rössing ulianza uzalishaji na kuleta ajira, lakini jangwa lenyewe lilibaki mahali pa wavuvi na wenye magari makubwa.

Uhuru ulikuja tarehe 21 Machi 1990. Sehemu ya njia ya kuufikia ilipita kwetu: wapiganaji wa SWAPO, chama cha ukombozi cha Namibia, walikuwa na kambi yao Kongwa, Dodoma, tangu miaka ya 1960. Walvis Bay, iliyokuwa imebaki mikononi mwa Afrika Kusini, ilikabidhiwa Namibia mwaka 1994. Nchi ikafunguka kwa dunia, vijana wa Ulaya waliokuwa wakizunguka kusini mwa Afrika wakaja na mikoba yao mgongoni, na katika muongo huo ubao wa kutelezea, parachuti na pikipiki za kukodi zikawa biashara. Mji uliokuwa wa wastaafu na wavuvi ukapata soko jipya, na vijana wa Mondesa wakapata kazi ya kuongoza misafara.

Hapo ndipo swali la nini kilichoko chini ya gurudumu likawa la haraka. Matuta yenyewe huvumilia: upepo ukivuma mchana, jioni alama nyingi zimefutika. Lakini jangwa la Namib halina matuta tu. Mto Swakop, kila unapofurika, hubeba mchanga na kuutupa baharini, na ndiyo maana ukanda wa matuta wa pwani unaishia hapo. Kaskazini mwake kuna nyanda za changarawe zilizofunikwa na ganda jembamba lenye jasi. Mvua ni haba sana, haitoshi kulifinyanga upya ganda hilo likivunjika. Gari likipita mara moja, alama yake huweza kudumu miongo. Ziko sehemu ambako njia za magari ya maksai ya enzi ya Wajerumani bado zinaonekana.

Juu ya ganda hilo wanaishi laikeni, muungano wa kuvu na mwani, wa rangi ya chungwa, kijivu na kijani kilichopauka. Mchana hujikunja na kukauka mpaka ukadhani ni takataka. Ukungu ukiingia asubuhi, hulainika na kufunguka, hutengeneza chakula chao kwa saa chache, kisha hujifunga tena. Kwa sababu hukua kwa saa hizo chache tu, huchukua miaka mingi kufunika jiwe moja. Tairi huwasaga kwa sekunde. Hali kadhalika buabua wa Damara, ndege mdogo wa pwani ambaye karibu wote huzaliana Namibia. Hutaga yai moja juu ya changarawe tupu, bila kiota, na rangi ya yai imefanana na mawe kiasi kwamba mtu huweza kulikanyaga akiwa analitafuta.

Elimu hii haikuja yenyewe. Sehemu kubwa ilitoka Gobabeb, kituo cha utafiti kilichoanzishwa na Charles Koch mwaka 1962 kando ya mto Kuiseb. Mwaka 1976 William Hamilton na Mary Seely walieleza kisayansi jinsi mbawakawa mmoja wa matuta anavyokunywa: hupanda kileleni usiku wa ukungu, husimama kichwa chini matako juu kuelekea upepo, na matone hukusanyika mgongoni na kutiririka hadi mdomoni. Tuta linaloitwa tupu, kumbe kilele chake ni mahali pa kunywea maji.

Mwaka 2010 serikali ya Namibia iliitangaza pwani hii kuwa Hifadhi ya Taifa ya Dorob. Kuendesha nje ya njia zilizoruhusiwa kukawa kosa, maeneo maalumu yakatengwa kwa pikipiki kwenye matuta ya kusini mwa mji, na vibali vikahitajika. Sheria ilijaribiwa mapema. Mwaka 2012 filamu ya Mad Max: Fury Road ilipigwa katika jangwa hili, na ripoti ya kimazingira iliyofuata ikasema magari ya filamu yaliacha alama mahali ambapo hayakupaswa kupita. Kamisheni ya filamu ya Namibia ilikanusha. Kwa maoni yangu ubishi ule ulikuwa na faida, kwa sababu kwa mara ya kwanza watu wengi nje ya nchi walisikia kwamba changarawe nayo huumia.

Makaburi nayo yalingoja muda mrefu. Wazao wa Waherero na Wanama walilalamika kwa miaka kwamba vichuguu vya mchanga walimolala babu zao vilikuwa vinapitiwa na magari na pikipiki za watu waliotoka kujifurahisha. Waendeshaji wengi hawakujua walichokanyaga. Hapakuwa na kibao cha kuwaambia. Upande mmoja wa makaburi ya mji kulikuwa na mawe yenye majina ya Kijerumani na maua, upande wa pili vichuguu visivyohesabika. Mwaka 2007 liliwekwa jiwe la kumbukumbu kwa ajili ya waliofia kambini, na eneo likazungushiwa ukuta. Mwaka 2021 Ujerumani ilikiri kwamba yaliyotendeka yalikuwa mauaji ya kimbari na ikaahidi euro bilioni 1.1 kwa kipindi cha miaka 30, mpango ambao wazao wengi waliukataa kwa kuwa hawakushirikishwa ipasavyo. Hoja yao naiona ya haki. Huwezi kumlipa mtu kwa kaburi la nyanya yake huku ukizungumza na mwingine.

Kuna aina moja ya safari za Swakopmund ambayo ningependa ikue kuliko zote. Huanza asubuhi, kabla upepo haujafuta maandishi ya usiku. Kiongozi husimamisha gari, hushuka, huinama, na kuanza kusoma mchanga: hapa mjusi amekimbia, hapa nyoka amepita kwa ubavu, na hapa, kwenye hivi vidoti viwili vyeusi, nyoka huyohuyo amejizika na kuacha macho peke yake. Huchimba kidogo kwa vidole na kumtoa mjusi wa usiku mwenye ngozi angavu na miguu yenye utando, humwonyesha kwa dakika moja akimkinga na jua, kisha humrudisha na kumfukia. Magari hufuata mstari mmoja, ule uliopitiwa jana.

Viongozi hao wengi ni wenyeji, na baadhi wana ndugu waliozikwa ndani ya ule ukuta wa ukingoni mwa mji. Wapo wanaoandaa matembezi ya huko, na ya Mondesa pia, kwa mgeni anayeomba. Tatizo ni hilo neno la mwisho. Kampuni zinazouza pikipiki na parachuti zina vipeperushi katika kila hoteli, nazo zingeweza kuweka matembezi ya makaburini katika orodha ileile, kwa bei ileile ya saa moja, na kumwacha kijana wa Kiherero alipwe kwa kusimulia. Halmashauri ya mji nayo ingeweza kuweka kibao barabarani, kwa Kiherero, Kinama, Kijerumani na Kiingereza, mahali ambapo waendesha pikipiki huingilia jangwani.