Je, Michezo ya Shule Huwaepusha Vijana na Dawa za Kulevya?

Kila mwaka mashindano ya Umoja wa Michezo ya Shule za Sekondari Tanzania (UMISSETA) yanapofunguliwa, kauli moja haikosekani jukwaani: kwamba michezo huwaepusha vijana na dawa za kulevya. Kauli hiyo imezoeleka kiasi kwamba wazazi wengi huichukua kama dhamana. Mtoto akisajiliwa katika timu ya shule, nyumbani huonekana kwamba nusu ya kazi ya malezi imekwisha. Kwa kuwa kauli hiyo hutumika kupanga bajeti, ratiba za masomo na hata mahali ambapo mzazi anaelekeza macho yake, ni vema ipimwe kwa ushahidi uliopo.

Ushahidi huo haukanushi kauli hiyo, ila haukubaliani nayo yote. Mwaka 2014 lilichapishwa pitio la tafiti 17 zilizowafuatilia vijana kwa miaka kadhaa, nyingi zikiwa zimefanyika Marekani. Katika tafiti zilizogusa dawa haramu, nane kati ya kila kumi zilionesha kwamba vijana wanaoshiriki michezo hutumia dawa hizo kwa kiwango kidogo kuliko wenzao wasioshiriki, hasa dawa nyingine mbali na bangi. Kwa upande wa bangi, ni nusu tu ya tafiti zilizoonesha nafuu hiyo. Lakini kwa upande wa pombe mambo yaligeuka kabisa: asilimia 82 ya tafiti zilibaini kwamba wanamichezo hunywa zaidi.

Kwa hiyo swali la kama michezo inakinga au haikingi halina jibu moja. Jibu hutegemea kilevi kinachozungumziwa, na hutegemea pia mchezo wenyewe na watu wanaomzunguka mchezaji.

Pombe inastahili kutazamwa kwanza kwa sababu ndiyo inayowapata vijana wengi zaidi na ndiyo inayosahaulika zaidi pale neno "dawa za kulevya" linapotajwa. Mchezaji wa timu ya shule ni mtu anayejulikana. Hualikwa kwenye sherehe, hupewa zawadi na mashabiki walio wakubwa kwake, na ushindi husherehekewa kwa pamoja. Timu inapokuwa na desturi ya kunywa baada ya mechi, kijana mgeni hana uhuru mkubwa wa kukataa, kwa kuwa kukataa huonekana kama kujitenga na wenzake. Umoja ule ule unaomfanya aamke alfajiri kukimbia ndio unaomfanya apokee chupa jioni. Ni jambo ambalo mwalimu wa michezo analiona kabla ya mzazi, endapo anaangalia.

Tumbaku nayo ina somo lake. Takwimu za Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani (CDC) zinaonesha kwamba kati ya mwaka 2001 na 2013 matumizi ya sigara na aina nyingine za tumbaku ya kuwashwa kwa wanafunzi wa sekondari nchini humo yalishuka kutoka asilimia 31.5 hadi 19.5. Katika kipindi hicho hicho, matumizi ya tumbaku isiyo na moshi, yaani ya kutafuna, kunusa au kuweka mdomoni, yalibaki asilimia 5.9 kwa wasio wanamichezo, lakini kwa wanamichezo yalipanda kutoka asilimia 10.0 hadi 11.1. Sababu haiko mbali. Kijana anayetegemea mapafu yake huiogopa sigara, lakini tumbaku ya mdomoni haimkatishi pumzi uwanjani, na katika besiboli ya Marekani kwa muda mrefu imeonekana kuwa sehemu ya mchezo. Mchezo ulimwepusha na moshi, haukumwepusha na nikotini.

Eneo la tatu halizungumzwi sana katika hotuba, nalo ni maumivu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walibaini kwamba wavulana wanaocheza michezo iliyoratibiwa walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuandikiwa dawa za maumivu zenye asili ya afyuni, na pia wa kuzitumia kinyume cha maelekezo ya daktari. Hatari ilijitokeza zaidi katika michezo ya kugongana miili, hususan futiboli ya Kimarekani na mieleka. Njia inayopitiwa hapa si ya kijiweni. Inaanzia kwenye goti lililoumia, inapita hospitali au duka la dawa, na inaishia kwa kijana aliyegundua kwamba kidonge kinaondoa zaidi ya maumivu. Utafiti mwingine kuhusu vijana wa Marekani uliochapishwa mwaka 2016 ulionesha kwamba kwa jumla wanaofanya michezo au mazoezi karibu kila siku walikuwa na matumizi madogo ya dawa hizo na ya heroini. Matokeo hayo mawili hayapingani: mazoezi ya kila siku kwa ujumla ni jambo moja, na mchezo wa kugongana unaomrejesha majeruhi uwanjani kabla hajapona ni jambo jingine.

Kabla ya kuhitimisha lolote kutokana na takwimu za namna hii, upo mtego wa kuepukwa. Wanaoingia katika timu si sampuli ya wanafunzi wote. Mara nyingi ni wale wenye mahudhurio mazuri, wenye wazazi wanaomudu kununua viatu, na wasiokuwa na rekodi ya utovu wa nidhamu. Anayeanza kuvuta bangi huacha mazoezi mwenyewe au huondolewa, na utafiti unaofanyika mwishoni mwa mwaka humkuta upande wa "wasiocheza". Timu huonekana safi kwa sababu imewatoa waliochafuka. Ndiyo maana tafiti zinazowafuatilia vijana walewale kwa miaka zina uzito kuliko zile zinazouliza mara moja.

Iceland walifanya nini

Nchi inayotajwa zaidi katika mjadala huu ni Iceland. Mwaka 1998 asilimia 42 ya vijana wa miaka 15 na 16 nchini humo walisema walilewa katika mwezi uliotangulia. Kufikia mwaka 2016 kiwango hicho kilikuwa asilimia 5. Waliowahi kutumia bangi walipungua kutoka asilimia 17 hadi 7, na wavutaji wa sigara wa kila siku kutoka asilimia 23 hadi 3. Katika kipindi kinachokaribiana na hicho, 1997 hadi 2012, vijana wanaoshiriki michezo iliyoratibiwa mara nne au zaidi kwa wiki waliongezeka kutoka asilimia 24 hadi 42.

Wengi huishia kusoma hapo, na kuondoka na hitimisho kwamba viwanja vilimaliza ulevi. Lakini Iceland haikujenga viwanja peke yake. Ilipiga marufuku uuzaji wa tumbaku kwa walio chini ya miaka 18 na pombe kwa walio chini ya miaka 20, pamoja na matangazo ya bidhaa hizo. Iliweka utaratibu wa kisheria kwamba watoto wa miaka 13 hadi 16 wasiwe nje baada ya saa 4 usiku wakati wa baridi na saa 6 usiku wakati wa kiangazi. Iliimarisha umoja wa wazazi katika kila shule, na idadi ya vijana waliosema wako na wazazi wao mara nyingi siku za kazi iliongezeka maradufu, kutoka asilimia 23 hadi 46. Familia zilipewa ruzuku ya kulipia michezo, muziki na sanaa, ili ada isiwe kikwazo. Kila mwaka vijana huulizwa maswali shuleni, na matokeo hurejeshwa haraka katika ngazi ya mtaa ili yafanyiwe kazi.

Lipo pia tokeo la utafiti wa nchini humo lenye umuhimu wa pekee. Vijana waliocheza katika klabu rasmi, chini ya makocha waliofunzwa na kanuni zilizo wazi, walikunywa kidogo. Waliocheza michezo isiyo rasmi, nje ya klabu, hawakuwa na nafuu hiyo. Mpira ni ule ule. Tofauti ilikuwa mtu mzima aliyepo na kanuni anazozisimamia. Ni haki kuongeza kwamba unywaji wa vijana ulishuka katika nchi nyingine kadhaa za Ulaya miaka hiyo hiyo, hivyo si kila pointi ya kushuka huko inaweza kuhesabiwa kwa mpango wa Iceland.

Kocha au kipimo cha mkojo

Nchini Marekani zilijaribiwa njia mbili tofauti kwa wanamichezo wa sekondari. Ya kwanza ni upimaji wa kushtukiza. Mwaka 1995 Mahakama Kuu ya nchi hiyo, katika shauri la wilaya ya elimu ya Vernonia, jimbo la Oregon, iliruhusu shule kuwapima wanamichezo bila kuwapo tuhuma dhidi ya mtu mmoja mmoja, na mwaka 2002 ruhusa hiyo ilipanuliwa hadi shughuli nyingine za nje ya darasa. Shule zilipopimwa baadaye katika utafiti wa miaka miwili huko Oregon, matumizi ya dawa katika mwezi uliopita hayakupungua katika awamu yoyote kati ya nne za ufuatiliaji, ingawa matumizi ya mwaka mzima yalionesha kushuka katika baadhi ya awamu. Zaidi ya hapo, wanamichezo waliokuwa chini ya upimaji walionesha mitazamo yenye hatari zaidi kuliko wenzao.

Njia ya pili ilibuniwa na watafiti wa chuo cha afya na sayansi cha Oregon kwa jina la ATLAS, ikajaribiwa katika timu 31 za futiboli za shule za eneo la Portland. Hapakuwa na kipimo wala mhubiri wa kutoka nje. Masomo yaliingizwa ndani ya ratiba ya mazoezi, yakaongozwa na kocha pamoja na wachezaji wenyewe katika vikundi vidogo, yakijikita katika lishe, ujenzi wa misuli, na madhara ya homoni za kuongeza nguvu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1996 yalionesha kwamba nia ya kutumia homoni hizo ilipungua, na ufuatiliaji wa baadaye ulionesha kupungua kwa matumizi ya pombe na dawa nyingine. Gharama kubwa hapo ni muda wa kocha.

Mahali pa UMISSETA

Kwa Tanzania, baadhi ya vipande vya picha hiyo vipo tayari. Sheria ya mwaka 2003 ya kudhibiti bidhaa za tumbaku inakataza kumuuzia mtu aliye chini ya miaka 18. Tangu tarehe 1 Machi, 2017 Serikali ilipiga marufuku pombe iliyofungashwa katika vifuko vya plastiki, maarufu kama viroba, ambayo bei yake na udogo wake viliifanya iingie kwa urahisi katika mfuko wa sare ya shule. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya (DCEA) ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2015. Hatua za aina hii, katika mfano wa Iceland, zilikwenda sambamba na michezo; hazikuwa mbadala wake.

Palipo na pengo ni katika umbo la mashindano yenyewe. UMISSETA hupanda ngazi: shule, kata, wilaya, mkoa, hatimaye taifa. Kila ngazi huchuja. Mwanafunzi anayefika kambi ya mkoa amekwishapata kocha, ratiba na macho ya watu wazima. Aliyeachwa katika ngazi ya kata, au ambaye hakuitwa kabisa, ndiye anayebaki na jioni tupu, naye ndiye ambaye hotuba ya ufunguzi inamzungumzia bila yeye kuwapo. Mashindano baina ya madarasa au mabweni hayana vikombe vikubwa, lakini huwafikia wengi zaidi. Wasichana nao huhitaji zaidi ya kuambiwa kwamba wanakaribishwa: muda wa mazoezi usioishia gizani, mahali salama pa kubadilishia nguo, na mtu mzima wanayemwamini.

Pengo jingine ni la kalenda. Mtihani wa kidato cha nne hufanyika mwezi Novemba, matokeo hutoka Januari, na kidato cha tano huanza Julai. Kwa miezi hiyo mingi kijana aliyekuwa nahodha wa shule hana shule, hana kocha wala timu, na bado ana mwili uliozoea mazoezi na marafiki wanaotafuta la kufanya. Klabu za mitaa na vituo vya vijana vya halmashauri ndivyo vinavyoweza kumpokea katika kipindi hicho, pale vilipo.

Kwa timu zinazosafiri kwenda mashindano ya shule za Afrika Mashariki, lipo jambo la kisheria la kuzingatiwa. Mirungi ni zao halali la biashara nchini Kenya, lakini nchini Tanzania ni dawa ya kulevya kwa mujibu wa sheria. Walimu waongozaji wa misafara wanapaswa kulieleza hilo kwa wanafunzi kabla ya kuvuka mpaka, kwani uhalali wa upande mmoja si utetezi upande wa pili.

Mabadiliko yanayomtia shaka mzazi au mwalimu kwa mwanamichezo hufanana na ya kijana mwingine yeyote, ila kwake mengine huonekana mapema zaidi: kukosa mazoezi bila maelezo, majeraha yasiyoisha, kuomba dawa za maumivu mara kwa mara, kuongezeka misuli kwa kasi isiyo ya kawaida, au kundi jipya linalomsubiri baada ya mechi. Hatua ya kwanza ni mazungumzo yanayomhusisha mwalimu wa ushauri nasaha wa shule, kwa kuwa kumfukuza kwenye timu papo hapo humwondolea mtu mzima aliyekuwa akimwona kila siku. Taarifa kuhusu uuzaji wa dawa za kulevya karibu na shule au viwanja, pamoja na maombi ya ushauri kuhusu tiba, hupokelewa na DCEA kwa simu namba 119, bila malipo.