Tundu la Ufunguo na Ukurasa wa Mbele

Desemba 1859 Malkia Victoria wa Uingereza alimwandikia barua Lord Campbell, msimamizi mkuu wa mambo ya sheria serikalini. Kilichomuudhi ni magazeti. Habari za Mahakama ya Talaka zilikuwa zikichapishwa kwa undani ambao yeye aliuona umezidi hata ubaya wa riwaya za Kifaransa, zile ambazo wazazi wa enzi hizo waliwaficha vijana wao. Hakuna namna ya kuzizuia? Lord Campbell akamjibu kwamba alishajaribu bungeni, akashindwa.

Mahakama yenyewe ilikuwa changa. Kabla ya sheria ya 1857, Mwingereza aliyetaka kuvunja ndoa na kuoa tena ilimlazimu atungiwe sheria yake peke yake bungeni, gharama ambayo matajiri wachache tu waliimudu. Mlango ulipofunguliwa London mwaka 1858, waandishi wa habari waliingia pamoja na wadai. Kesi nyingi zilisimama juu ya ugoni, na ugoni hauthibitiki bila mashahidi, aghalabu watumishi wa ndani. Katika kesi ya Lady Colin Campbell, 1886, jopo la mahakama lilikwenda hadi kwenye nyumba ya wanandoa hao kuchungulia tundu la ufunguo, lijue kama kweli mtumishi aliweza kuyaona aliyoyasema. Wasomaji nao wakachungulia.

Majaji wakuu hawakutaka kufunga mlango. Katika shauri la Scott, 1913, walishikilia kwamba haki hutendeka hadharani, na kwamba aibu ya wahusika peke yake haitoshi kuwatoa watu nje.

Kisha ikaja kesi ya Russell, 1922. John Russell, mrithi wa cheo cha Lord Ampthill, alidai kuwa mtoto wa mkewe Christabel si damu yake. Mama yule alihojiwa mbele ya umati juu ya mwili wake na kitanda chake, na majibu yakasomwa mezani nchi nzima. Mfalme George V alichukizwa, na katibu wake akaufikisha ujumbe serikalini.

Sheria ilipitishwa Desemba 1926. Katika habari za talaka, gazeti liliruhusiwa majina, anwani na kazi za wahusika na mashahidi. Muhtasari wa madai na utetezi. Hoja za kisheria. Na maneno ya jaji pamoja na hukumu. Ushahidi wenyewe, marufuku. Mmiliki, mhariri au mchapaji aliyekiuka alikabiliwa na kifungo cha hadi miezi 4, faini ya hadi pauni 500, au vyote viwili.

Nasikitishwa na hayo majina. Sheria yenyewe inatamka kuwa lengo lake ni kuzuia madhara kwa maadili ya umma. Yaani aliyekingwa ni msomaji. Mke aliyetuhumiwa aliendelea kuanikwa kwa jina na anwani, na tuhuma juu yake, huku maneno aliyojitetea nayo kizimbani yakibaki ndani ya kuta za mahakama.

Mtoto wa Christabel, Geoffrey, mahakama ilimtambua kuwa mtoto halali wa ndoa. Hata hivyo baba yake alipofariki mwaka 1973, ndugu yake wa kwa baba aliupinga urithi wa cheo. Bunge la Malodi lilimpa Geoffrey haki yake mwaka 1976. Alikuwa na miaka 54.