Programu ya uthibitisho kwenye simu: kufuli la pili la akaunti

KAMPALA – Neno la siri peke yake halitoshi. Mwaka 2012 wahalifu waliiba maneno ya siri ya maofisa wa Mamlaka ya Mapato Uganda (URA), wakaingia katika mfumo wa forodha na kutoa magari bila kodi halali kulipwa. Walitiwa hatiani mwaka 2013.

Programu ya uthibitisho, kama Google Authenticator, huongeza kufuli la pili. Unaiunganisha mara moja na akaunti, tuseme ya barua pepe, kisha kila sekunde 30 hutoa namba mpya ya tarakimu 6 utakayoulizwa baada ya neno la siri.

Kwa msafirishaji faida kubwa ni kwamba namba hiyo hutengenezwa na simu yenyewe, haisubiri ujumbe mfupi. Ukivuka Malaba ukaweka laini ya Kenya, bado unaipata, hata pasipo mtandao, mradi saa ya simu iwe sahihi. Na tapeli akifanikiwa kuhamisha laini yako, haipati.

Usimsomee mtu namba hiyo, hata wakala wa forodha mwenye haraka. Namba za akiba unazopewa siku ya kuunganisha ziandike, uziache ofisini, si ndani ya gari: simu ikipotea njiani, ndizo zitakazokufungulia.