Noti Juu ya Spika

Desemba 2017, Kawangware. Wiki chache tu baada ya uchaguzi wa marudio wa Oktoba 26, watu bado walikuwa wanapita kando ya vibanda vilivyochomwa wakijifanya hawavioni. Bendi yetu ilikuwa ya vijana wanne wa Kibera na spika ya kuazima. Msee mmoja akaja mbele, akaweka elfu moja juu ya hiyo spika.

"Vijana, pigeni ya kwetu."

Meza ya pili ikanyamaza. Kila mtu alijua "kwetu" ni wapi.

Mimi hushika gitaa la besi. Mwaka huo nilikuwa nimeacha chuo, na landilodi alikuwa ananitafuta. Elfu moja haikuwa mchezo.

Kumlipa mwanamuziki ili akusikize si uchafu wa Nairobi. Waluo wana pakruok, yaani kujisifu. Mpiga nyatiti anapiga zile nyuzi zake nane, mtu anatoa pesa, muziki unasimama. Aliyelipa anajitaja, anataja ukoo wake, shemeji zake, ng'ombe zake, halafu nyuzi zinaendelea. Benga ilipokuja na magitaa ya umeme, desturi hii ikahamia kwa baa. Kule Pwani na Unguja, mama anainuka katikati ya taarabu, anamtunza mwimbaji kwenye ule ubeti unaomchoma mwenzake, na ukumbi mzima unajua amechomwa nani. Kinshasa wana mabanga: mwenye pesa analipa jina lake litajwe ndani ya wimbo wenyewe.

Lakini pakruok ilikuwa na kitu ambacho sisi tulikisahau. Anayelipa hanunui wimbo, ananunua zamu. Akimaliza kujisifu, mpinzani wake naye anatoa chake na kumjibu, kwa lugha ileile, mbele ya watu walewale. Matusi yanageuka kicheko kwa sababu jibu lipo.

Sasa leta mchezo huo Kawangware au Kibera, ambapo ukuta wa mabati ndio unakutenga na mtu wa kabila lingine. Meza ya pili haielewi maneno, kwa hivyo haiwezi kujibu. Inasikia kitu kimoja tu: hapa ni kwetu. Na baada ya 2008, hakuna mtu wa mitaa hii anayehitaji kuelezewa sentensi hiyo huishia wapi.

Bendi za zamani za Nairobi zilikuwa na dawa yake. Les Wanyika, iliyoundwa 1978 na wanamuziki waliotoka Simba Wanyika, wengi wao Watanzania, iliimba Kiswahili kuhusu mapenzi na shida za nyumba. Ndiyo maana zilipendwa hazina kwao. Mluhya, Mkikuyu, Mluo, Mkamba, wote wanadai ni zao.

Kabla sijaamua, mpiga ngoma wetu akaanza "Sina Makosa". Msee akachukua noti yake, akarudi kaunta amenuna. Elfu ikaenda.

Wimbo ulipoisha tukampelekea maiki, bure. Tukamwambia, mzee, jisifu, lakini kwa Kiswahili. Akasita. Kisha akasema yeye ni mtu wa mjengo, ghorofa nyingi za mjini amezibebea mawe, na hakuna hata moja ambayo askari wa geti angemruhusu kuingia leo. Meza ya pili ikacheka. Mzee mmoja pale akaitisha maiki: yeye ndiye huyo askari wa geti. Baa nzima ikalipuka.

Tangu usiku huo tuna sheria tatu. Ombi linapokelewa kati ya nyimbo, si katikati ya wimbo. Kila meza ina zamu. Na pesa ya M-Pesa ikiingia kimya kimya, tunasoma jina kwa sauti kabla ya kupiga chochote. Ukitaka kusikika hapa, kubali pia kujibiwa.

Landilodi nilimlipa Januari.