Matabishi ya angani: historia ya maili za ndege, kutoka stempu za duka hadi tiketi za wakimbizi

Mfanyabiashara wa Goma, Bukavu au Butembo anayefuata bidhaa Dubai au Guangzhou hukaa hewani saa nyingi kila mwaka. Hupita Addis Ababa, Nairobi au Kigali, hulipia mizigo, hurudi nyumbani na kuanza kuuza. Si wengi kati yao wanaojua kwamba kila safari ya namna hiyo inaweza kuwaachia kitu: maili, ni kusema pointi ambazo shirika la ndege humwandikia msafiri, na ambazo zikifika kiasi fulani hugeuka tiketi. Asiyeulizia hapewi. Mashirika hayana haraka ya kumkumbusha, kwa sababu maili isiyodaiwa ni deni lisilolipwa.

Sokoni, mama anayeuza unga akishapima hukuongezea kidogo juu. Hiyo ndiyo matabishi, na kila mtu Congo anaijua. Maili za ndege ni matabishi pia, lakini kuna tofauti moja kubwa. Ya sokoni unaiona na kwenda nayo nyumbani siku ileile. Ya ndege ni ahadi iliyoandikwa kwenye daftari la mwingine, na mwenye daftari ndiye anayeamua kesho ahadi hiyo ina thamani gani. Historia yote ya maili imo katika tofauti hiyo.

Jambo lenyewe halikuanzia angani. Mwaka 1896, huko Marekani, kampuni ya Sperry & Hutchinson ilianza kuuzia maduka stempu ndogo. Mteja akinunua sukari au sabuni alipewa stempu kadhaa kufuatana na pesa aliyotoa, akazibandika katika kijitabu, na kijitabu kikijaa akakipeleka kuchukua birika, blanketi au taa. Duka lilifurahi kwa sababu mteja alirudi palepale. Kampuni ilifurahi zaidi, kwa kuwa duka lililipia stempu zote mara moja, lakini si wateja wote waliojaza vijitabu vyao. Stempu zilizosahaulika katika masanduku ya nyumbani zilikuwa faida tupu.

Wakati huo wote mashirika ya ndege ya Marekani hayakuhitaji ujanja kama huo. Tangu 1938 bodi ya serikali ilikuwa ikipanga shirika gani liruke njia gani, na kwa bei gani. Kampuni mbili zilizoruka njia moja ziliuza tiketi kwa bei moja, zikashindana kwa chakula na kwa tabasamu. Tarehe 24 Oktoba 1978 Rais Jimmy Carter alitia sahihi sheria iliyoondoa mpango huo. Ghafla kila kampuni ikaweza kupunguza bei, na kampuni ndogo za bei rahisi zikaanza kunyang'anya abiria wa zile kubwa.

American Airlines, moja ya hizo kubwa, ilikuwa na silaha ambayo wadogo hawakuwa nayo: Sabre, mtambo wa kompyuta wa kuandikisha nafasi ambao iliujenga pamoja na kampuni ya IBM tangu miaka ya 1960. Ndani ya Sabre kulikuwa na namba za simu za abiria. Wafanyakazi wakatafuta namba zinazojirudia, ni kusema watu wanaosafiri kila wiki kwa kazi, na hao ndio waliokuwa wa kwanza kuandikiwa. Tarehe 1 Mei 1981 mpango ukatangazwa kwa jina la AAdvantage. Texas International ilikuwa imejaribu kitu cha kufanana mwaka 1979, lakini hii ya American ndiyo iliyowatisha washindani. United ilijibu siku chache baadaye kwa mpango wake, Mileage Plus, na wengine wakafuata.

Ujanja uko wapi? Msafiri wa kazi halipi tiketi yake, analipa bosi. Lakini maili zinaandikwa kwa jina la msafiri. Kwa hiyo mfanyakazi akawa na sababu ya kuchagua ndege ya bei ya juu kwa pesa ya kampuni, ili mwisho wa mwaka awapeleke watoto wake pwani bure. Kwa lugha isiyopambwa, ni rushwa ndogo iliyohalalishwa, na ndiyo maana ilishika moto.

Hoteli hazikubaki nyuma. Mwaka 1983 Holiday Inn na Marriott zilianza mipango yao, Hilton ikaingia 1987. Hesabu yao ni nyepesi zaidi kuliko ya ndege: chumba kisicho na mgeni usiku wa leo hakiwezi kuuzwa kesho, kwa hiyo kumpa mgeni wa zamani chumba hicho bure hugharimu shuka na sabuni tu.

Mwaka 1987 pia benki ya Citibank ilitoa kadi ya mkopo yenye maili za American. Hapo maili ziliachana na ndege. Mtu aliweza kununua nyama, viatu na mafuta ya gari, akapata maili bila kupanda hata ngazi ya uwanja wa ndege. Benki ilizinunua maili hizo kwa shirika kwa pesa taslimu. Shirika la ndege likawa kama benki kuu: linachapa noti zake, linaziuza, na ndilo linalopanga noti ngapi zinunue kiti. Ukubwa wa biashara hiyo ulionekana mwaka 2020, wakati wa Covid. Ndege zilikuwa zimelala chini, na United ikaweka rehani mpango wake wa maili ili kukopa dola bilioni 6.8. Mpango huo peke yake ulikadiriwa kuwa na thamani ya zaidi ya dola bilioni 20, kuliko hisa zote za kampuni yenyewe sokoni wakati ule.

Kuna waliowazidi wakubwa akili. Mwaka 1999 mhandisi mmoja wa California aligundua kwamba kampuni ya vyakula ilikuwa ikitoa maili kwa kila anayetuma alama zilizobandikwa kwenye bidhaa zake, na kwamba bidhaa ya bei ndogo kabisa ilikuwa kikopo cha pudini. Akanunua vikopo 12,150 kwa dola kama 3,000. Familia moja haiwezi kula pudini nyingi hivyo, kwa hiyo akawapa Jeshi la Wokovu, na wao wakamsaidia kubandua alama. Alipata maili zaidi ya 1,200,000. Miaka michache baadaye wengine walianza kununua sarafu za dola moja kutoka kiwanda cha sarafu cha serikali ya Marekani kwa kadi ya mkopo, wakaletewa nyumbani bila gharama, wakazipeleka benki kulipia deni la kadi, na maili zikabaki bure. Mwaka 2011 serikali iliacha kupokea kadi kwa sarafu hizo.

Hadithi za namna hiyo huchekesha, lakini huwafanya watu wasahau upande wa pili. Aliyeishi Zaïre hahitaji kuelezwa sana. Desemba 1979 utawala wa Mobutu uliondoa noti za zaïre 5 na 10, watu wakapewa siku chache tu kuzibadilisha, na wengi vijijini walibaki na makaratasi. Januari 1993 ikaja noti ya zaïre milioni 5. Étienne Tshisekedi, waziri mkuu wa wakati ule, akatangaza kwamba haina thamani, wafanyabiashara wakaikataa, na askari waliolipwa kwa noti hiyo wakaingia mitaani Kinshasa kupora. Mwezi wa 10 mwaka huohuo ikatoka zaïre mpya moja kwa zile za zamani milioni 3, na watu wa Kasaï wakakataa kabisa kuipokea.

Maili nazo zina historia yao ya kupungua thamani, bila bunduki. Mwaka 1988 American ilibadilisha masharti, pamoja na yale ya maili ambazo watu walikuwa wameshazipata. Kesi ikafika Mahakama Kuu ya Marekani, na Januari 1995 majaji waliamua kwamba msafiri hawezi kutumia sheria za jimbo za kumlinda mnunuzi, anaweza tu kudai mkataba uliovunjwa. Lakini mkataba wenyewe huandikwa na shirika, na ndani yake kuna maneno yanayoliruhusu kubadilisha masharti. Mwaka 2014 mahakama hiyohiyo ilimkatalia rabi mmoja wa Minnesota aliyefutwa kwenye mpango wa shirika lake, ambalo lilisema analalamika mno. Tangu 2015 Delta na United, na American mwaka 2016, huhesabu maili kwa dola alizolipa msafiri, si kwa umbali alioruka. Neno maili limebaki jina tu. Mwaka huohuo wa 2015 Delta iliondoa hata orodha iliyoonyesha tiketi ya kwenda wapi ni maili ngapi.

Shirika likianguka, yote huisha. Ansett ya Australia ilipofilisika Septemba 2001, wanachama walipoteza pointi zao. Mwaka 2017 ilikuwa zamu ya wasafiri wa Air Berlin ya Ujerumani.

Kwa hiyo wanaonufaika na maili si wale wanaozirundika. Ni wale wanaozitumia mapema. Kwa msafiri wa Congo, kazi ya kwanza ni kujiandikisha kabla ya kupanda, ni bure, na jina liwe kama lilivyo katika pasipoti, herufi kwa herufi; postnom iliyosahaulika inatosha kufanya safari nzima isiandikwe. Kikaratasi cha kuingilia ndege kisitupwe mpaka maili zionekane, kwa sababu safari iliyosahaulika huweza kudaiwa baadaye kwa namba ya tiketi. Na maili zisitawanywe. Ethiopian iliingia katika muungano wa Star Alliance Desemba 2011, walipo pia Brussels Airlines na Turkish, kwa hiyo safari za mashirika hayo matatu zinaweza kuwekwa katika akaunti moja. Kenya Airways iko upande mwingine, SkyTeam, tangu 2010. Hakuna shirika la Congo hata moja katika miungano hiyo. Tangu 2006 Umoja wa Ulaya umeyafungia anga yake mashirika yote yaliyoandikishwa hapa. Tena, tiketi ya maili haiko bure kabisa. Kodi za uwanja hubaki za msafiri, na Go-Pass, iliyoanzishwa 2009, hailipwi kwa maili. Tangu uwanja wa Goma ufungwe kwa vita Januari 2025, kuna pia gharama ya barabara ya kufika Kigali.

Matumizi ambayo waanzishaji wa 1981 hawakuyafikiria yalianza mwaka 2016. Wamarekani wachache, wazoefu wa michezo ya kadi na pointi, waliunda chama kinachoitwa Miles4Migrants. Waliona kwamba kuna familia za wakimbizi ambazo zimeshapata ruhusa halali ya kusafiri, lakini zinakwama kwa kukosa tiketi, wakati mamilioni ya maili yanaoza katika akaunti za watu wasioyahitaji. Wenye maili wakaanza kununua tiketi kwa majina ya wakimbizi. Mwaka 2021, baada ya Kabul kuanguka, mashirika makubwa ya Marekani yalifungua mlango wa kuchangia maili kwa Waafghanistani.

Uzito wa tiketi wanaujua Wakongo wa Nyarugusu na Nakivale. Mkimbizi aliyepewa makao Marekani kupitia mpango wa serikali alipelekwa na OIM kwa tiketi ya mkopo. Mkopo huo hauna riba, lakini malipo huanza miezi sita baada ya kufika, na familia ya watu wanane ilianza maisha mapya na deni la viti vinane. Katika mwaka wa bajeti wa 2016 Wakongo waliopokelewa Marekani walipita 16,000, kuliko watu wa nchi nyingine yoyote. Mpango huo ulisimamishwa Januari 2025.

Wanaobaki na njia ni hasa wenye viza ya kuungana na familia Canada au Ulaya, ambao mara nyingi tiketi ni juu yao wenyewe. Tiketi ya maili zilizochangwa haitafutwi na mkimbizi peke yake. Huombwa na shirika la misaada au wakili anayeshika dossier yake, na hutolewa bila malipo. Anayepita kambini akidai dola 100 za kuandikisha majina kwa ajili ya maili ni mwizi. Dossier haipelekwi kabla viza haijatoka, na ikitoka haingoji, kwa sababu viza nayo ina tarehe yake ya mwisho, na viti vya maili katika ndege moja huwa vichache, pengine viwili au vitatu, wakati watoto ni watano.